Kulia au Kuume

Kazi yangu ni kusimama pembeni mwa uwanja nikiwa na kamera begani. Zamani nilisoma habari katika redio moja ndogo ya Iringa. Nilipohamia huku nilidhani nitaendelea na habari, nikaishia idara ya michezo ya chuo kimoja nje kidogo ya Washington, nikirekodi timu ya futiboli, ile ya Wamarekani, inayochezwa na watu waliovaa helmeti kwa mpira wenye umbo la yai. Nikishamaliza kurekodi mazoezi, makocha hukaa kwenye chumba chenye giza na kuzitazama picha zangu. Wanasimamisha, wanarudisha nyuma, wanabishana juu ya mguu wa mtu mmoja. Mchezo ule nimejifunza kwa njia hiyo, kwa kutazama miguu.

Haufanani na soka. Mpira unachezwa kwa sekunde chache, unasimama, watu wanajipanga upya. Kila wanapojipanga kuna mtu ameshaamua nani atapewa mpira na aende upande gani. Kwetu mtu huyo alikuwa kocha wa mashambulizi, mwanamume mwembamba mwenye sauti iliyokwaruzika, ambaye hakosi kadi kubwa mkononi. Akitaka kusema jambo anaiweka kadi mbele ya mdomo, wapinzani wasimsome midomo. Niliwahi kumwona akiagiza kahawa kantini huku ameshika kadi vilevile.

Mchezaji ninayemkumbuka hapa alikuwa mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira akimbie nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Tulifahamiana siku aliyonisikia nikiongea na dada yangu kwenye simu. Aligeuka akaja moja kwa moja.

"Anti, hiyo ni lugha ya mama yangu," alisema, kwa Kiingereza.

Nikamuuliza kwao wapi, mama yake anaishi wapi, amekula au hajala. Alielewa yote, akajibu yote kwa Kiingereza, kama walivyo watoto wengi wa watu wetu huku. Mama yake alitoka Lubumbashi akiwa na mtoto mgongoni, wakafikia Temple Hills, karibu na Washington, na Temple Hills wakabaki.

Mama huyo nilikutana naye kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Alikuwa amejifunika blanketi, ameduwaa.

"Sasa ile ni mupira gani," aliniuliza, "banakamataka na mikono?"

Tulicheka, tukakaa pamoja hadi watu wakaanza kuingia. Nilimuuliza kama baba wa kijana naye yuko njiani.

"Bwana yangu anakufa," alisema.

Nikamshika mkono. "Pole sana, mama. Amelazwa hospitali gani?"

Alinitazama kama mtu aliyefanyiwa mzaha mbaya. Kijana wake, aliyekuwa amekuja kumsalimia kabla ya kuvaa, ndiye aliyetuelewesha. Baba yake alikufa siku nyingi, alinieleza, kabla hawajaja Marekani. Kwao Lubumbashi ukisema mtu anakufa, ameshakufa. Aliye kitandani akipigania roho yake, yeye "iko anakufa". Hiyo "na" ambayo kwetu inaonyesha jambo bado linaendelea, kwao inalifunga.

Niliomba radhi mpaka nikachoka. Mwishowe mama akatikisa kichwa.

"Ninyi Batanzania," alisema, "munafufulaka bantu!"

Tangu siku ile akawa ananiita dada.

*

Mwezi wa nane, kabla msimu haujaanza, timu hupimwa. Zamani kocha msaidizi mmoja mzee alisimama mwisho wa mstari na saa mkononi, akibonyeza kwa kidole gumba. Lakini kidole cha mtu kina upendeleo. Kinachelewa kidogo kuanza, kinawahi kidogo kumaliza, na kwa kijana unayempenda kinawahi zaidi. Sasa wamepanga nguzo fupi zenye macho ya umeme. Ukipita zinakuandika, na hazina mpwa.

Vipimo ni vingi, ila vinavyozungumzwa ni viwili. Cha kwanza ni mbio za yadi arobaini, moja kwa moja. Cha pili kina mistari mitatu iliyowekewa koni. Unaanzia wa katikati, unakimbilia upande mmoja na kuugusa mstari kwa mkono, unageuka, unakimbia hadi mstari wa upande wa pili, unagusa, unageuka tena na kumalizia katikati. Watu hudhani kile ni kipimo cha mbio. Mimi niliyezirudia picha zile polepole najua kinapima kusimama. Wengi wakifika kwenye mstari wanaburuzika, goti linayumba, wanapiga hatua mbili tatu za kujiokoa. Kijana wetu alikuwa akiukita mguu wa kuume mara moja, na kabla vumbi la raba ya nyasi bandia halijatua alikuwa ameshatazama alikotoka.

Kocha wa mashambulizi aliupanga mchezo wake wote juu ya mguu ule. Mpango mkuu ulikuwa hivi: mkimbiaji anapewa mpira, anakimbia kwenda kulia kana kwamba anatoka nje ya uwanja, walinzi wanamfuata, kisha anaukita mguu na kukata kuingia ndani, huku wao bado wanateleza. Nilipokuwa nikirekodi niliweza kuona walinzi wakikunja nyuso kabla hata hajakata. Walijua kinachokuja, na miili yao haikuweza kusimama.

Mwaka wa mwisho wa chuo, majira ya kuchipua, wapimaji wa timu za kulipwa huja na saa zao na kuwapima wanaomaliza. Ni siku moja. Ukipimwa vizuri unaitwa, ukipimwa vibaya unarudi kwenu. Kijana alikuwa bado mwaka wa tatu, lakini hakuwa na siku nyingine aliyoizungumzia.

"Anti," aliniambia siku moja tukikunja nyaya, "darasani mimi ni wa kawaida. Naongea kawaida, naandika kawaida. Miguu tu ndiyo si ya kawaida. Siku ile wakiiona, basi."

Mama yake aliiombea siku hiyo kila Jumapili, kwa jina, kana kwamba ni mtu.

*

Mwaka ule wa tatu wapinzani walianza kutusoma. Kutoka benchi, kocha alikuwa akituma maagizo kwa mabango yenye picha na kwa ishara za mikono. Timu moja baada ya nyingine zikawa zimeshajua picha ipi ina maana gani. Kilichobaki ni maneno ambayo mrusha mpira, yule anayeupokea kwanza na kuugawa, huyapaza pale mstarini, dakika ya mwisho, kubadilisha mpango. Hayo nayo yalikuwa ya Kiingereza.

Mchana mmoja kocha alipita tukiongea, mimi kwa Kiswahili, kijana kwa Kiingereza. Akasimama. Akaiteremsha kadi.

"Hiyo ni nini?"

Tukamwambia.

"Nipe neno la upande huu," alisema akinyoosha mkono wa kuume, "na neno la upande huu."

"Kulia," nikasema. "Kushoto."

"Hapana," kijana akadakia. "Kwetu ni kuume. Kulia ni kutoa machozi."

Kocha alijaribu kuume. Mara ya kwanza halikutoka, mara ya pili likatoka neno jingine, la kiungo cha mwanamume ambacho hakitajwi mbele ya wakubwa, tena kwa sauti yake ile ya uwanjani. Mimi niliegemea ukuta. Kijana alikaa chini kabisa, akicheka mpaka akashika tumbo. Kocha akatuuliza amesema nini, kijana akazidi kucheka.

Basi likachukuliwa kulia. Kijana alisema atalikumbuka hivyo hivyo, kuwa ndio upande ambao walinzi watatoa machozi.

"Kocha," nilimwambia, "eneo hili limejaa watu wanaosema Kiswahili. Nenda Beltsville, nenda Annandale. Ukiingia dukani kununua unga utakisikia mara tatu kabla hujafika kaunta. Kama lazima, basi geuza. Kulia iwe kushoto."

"Wachezaji wangu hawana muda wa kufikiri mara mbili," alijibu. "Na hao wanaonunua unga, wangapi wanacheza futiboli?"

Swali lilikuwa la haki.

Wiki zile zilikuwa nzuri, na nazitaja kwa sababu zilikuwepo. Ugali ilikuwa mpango wa kupenya katikati kwa nguvu. Chai ilikuwa pasi fupi ya haraka. Vijana wakubwa kama makabati, waliozaliwa Georgia na Pennsylvania, walikuwa wakipita kwenye korido wakigombana nani kaiharibu chai. Kijana alikuwa mwalimu wao. Aliwasahihisha, aliwacheka, akawa ananisalimia kwa Kiswahili bila kulazimishwa. Mama alipousikia uwanja ukiita ugali alisimama na blanketi lake.

"Ugali!" alinitania baadaye. "Kwetu ni bukari. Dada, uko unaniibia mutoto."

Lakini uso wake ulikuwa unang'aa. Kwa miaka yote alikuwa amezungumza na mwanawe kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine.

*

Mechi iliyotuharibia ilichezwa nyumbani, siku ya mvua nyembamba na baridi. Upande wa pili kulikuwa na mlinzi wa katikati, mrefu, mtulivu. Kamera yangu ilimfuata kwa sababu ya kitu kimoja: kila mrusha mpira wetu alipopiga kelele, mlinzi yule alihama kabla mpira haujahama. Hakuhama kwa kubahatisha. Aliposikia kushoto alikwenda kushoto kwetu. Aliposikia ugali aliinama na kujaza katikati.

Wakati wa mapumziko nilimfuata kocha.

"Yule wa katikati anasikia," nilimwambia.

"Anasoma miguu," alisema. "Ndiyo kazi ya mlinzi mzuri." Akarudi kwenye ubao.

Tuliporudi uwanjani mvua ilikuwa imeongezeka kidogo. Nilikuwa nimesimama upande wa kulia wa timu yetu, karibu na mstari. Mrusha mpira alitazama walinzi, akaweka mikono mdomoni.

"Kulia! Kulia!"

Kijana alipewa mpira akaja upande wangu. Niliuona mguu wa kuume ukienda chini, mahali pale pale ulipokuwa ukienda kila siku, na yule mlinzi hakuwa anateleza kama wengine. Alikuwa ameshafika. Alikuwa anapasubiri mahali pale. Alijitupa chini, helmeti ikalikuta goti likiwa limebeba uzito wote.

Watu huniuliza kama nilisikia goti. Sikusikia. Nilisikia helmeti, kisha maji kwenye nyasi, kisha kijana akivuta pumzi asiitoe.

Mlinzi aliinuka akapiga goti pembeni yake. Walikuwa karibu nami kiasi kwamba hawakuhitaji kupaza sauti.

"Pole, bro," alisema. "Pole sana."

Kijana wetu aligeuza kichwa. Alikuwa na nyasi mdomoni.

"Ulijua namna gani?" alimuuliza.

"Si mmesema kulia?" mwenzake akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea kwa jambo lisilohitaji utetezi. "Nikaenda kulia kwenu."

Kisha wauguzi wakafika na kumsogeza.

Kocha aliniita baada ya kijana kuondolewa. Alikuwa ameona kwamba wawili wale walizungumza. "Walisema nini?" Nikamtafsiria. Kadi ilikuwa kifuani, mdomo wake wazi mbele ya kila mtu.

"Ametoka wapi yule?"

Nilikuwa nimeshauliza benchi lao. "Annandale. Wazazi wake ni Wakenya."

"Annandale," alirudia. Ni mwendo mfupi kwa gari kutoka tuliposimama.

*

Mama alikuwa tayari kwenye chumba cha matibabu nilipoingia. Kijana alikuwa amelala chali, goti limefungwa barafu, macho kwenye dari. Daktari wa timu alikuwa amemwambia kwamba kano mbili zimekatika, kwamba atapasuliwa, kwamba watu hupona. Alisema hayo matatu kwa mpangilio huo, akatoka.

Mlango uligongwa. Alikuwa yule mlinzi, nywele zimelowa, helmeti ameikumbatia kama mtu aliyeleta bakuli. Hakumtazama kijana kwanza. Alimtazama mama.

"Mama, nimekuja kusema pole. Sikuwa nataka kumuumiza. Ilikuwa game tu."

"Njo weye ulimupiga?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulisikia kile balikuwa banasema?"

"Nilisikia."

"Nani alikufundisha?"

Mlinzi alisita, kana kwamba swali lilikuwa na mtego. "Mamangu. Nyumbani hataki Kizungu. Ukimwongelesha Kizungu hakupi chakula."

Mama aliligeukia goti la mwanawe. Barafu ilikuwa ikidondosha maji kwenye sakafu.

"Umuambie," alisema, "alifundisha muzuri."

Sikuweza kujua kama alikuwa anamsifu mwanamke yule asiyemjua au anajihukumu mwenyewe. Mwanawe, aliyesikia kila neno, hakutoa macho kwenye dari.

Wiki iliyofuata mabango yalirudi, yenye picha mpya. Hakuna aliyetangaza kwamba maneno yamefutwa. Siku moja tu korido ilikuwa kimya, na mtu mmoja aliyeropoka ugali wenzake walimwangalia hadi akainamisha kichwa.

*

Alipasuliwa. Akajifunza kukunja goti, akajifunza kupanda ngazi, akajifunza kukimbia. Mwaka wa nne alikaa sana benchi, na alipoingizwa alipewa kazi ya kuziba njia kwa ajili ya mkimbiaji mwingine, mdogo wake kwa darasa. Salamu zake kwangu zilirudi kuwa za Kiingereza. Sikumlaumu. Lakini alipokuwa peke yake na koni zake asubuhi, na mimi nikimrekodi kwa sababu aliniomba, nilimsikia akihesabu hatua kwa kunong'ona, na hesabu ile ilikuwa ya Kiswahili.

"Arobaini iko sawa," aliniambia wiki ile ya kupimwa. "Arobaini imerudi, anti. Wataiona."

Hakusema lolote kuhusu mistari mitatu.

Siku yenyewe ilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mazoezi wenye nyasi bandia. Wapimaji walikuja na makoti yenye alama za timu zao. Nguzo za umeme zilikuwepo, lakini kila mmoja alileta na saa yake ya mkononi, maana hawaamini nguzo za wengine. Mama alikaa nyuma ya kizuizi, amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani.

Arobaini ilikuwa imerudi kweli. Alikimbia kama zamani, mgongo umenyooka, na namba ilipotokea watu walipiga makofi. Mama aliinua mikono yote miwili. Kocha wa mashambulizi, aliyekuwa ameketi mbali, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha zikapangwa koni.

Anayepimwa anaruhusiwa kuchagua aanzie upande gani, na kijana alichagua kushoto. Nilielewa kwa nini, na nadhani wapimaji walielewa pia. Lakini kipimo kile hakina pa kujificha. Ukianzia kushoto, zamu ya pili ni ya mguu wa kuume. Ukianzia kuume, ni ya kwanza.

Aligusa mstari wa kushoto vizuri, akageuka vizuri, akaja kwa kasi hadi mstari wa mwisho. Hapo niliona kwenye lenzi kile nilichokuwa nimekiona kwa wengine kila mwezi wa nane. Mguu ulifika na haukukita. Ulipapasa. Alipiga hatua ndogo moja, ya pili, ya tatu, mkono ukiutafuta mstari, goti likiyumba kwenda ndani. Mpimaji mmoja aliyesimama mbele yangu aliushusha mkono wake kabla kijana hajamaliza, saa ikiwa bado inahesabu, akaanza kuzungumza na mwenzake kuhusu chakula cha mchana.

Walimpa nafasi ya pili. Ilikuwa vilevile. Ya tatu hupewa anayeomba, naye hakuomba.

Kocha alipita, akampiga bega. "Arobaini nzuri sana," alisema, akaendelea kutembea.

Kijana alikuja akaketi kwenye benchi karibu na kizuizi. Mama alikuwa ameinama mbele, akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua namba.

"Dada, iko namna gani? Ni muzuri?"

"Mbio zake ni nzuri, mama," nilijibu. Ilikuwa kweli.

"Na ile ingine?"

Kijana alifuta uso kwa fulana, akamjibu yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichokihifadhi muda mrefu.

"Inaisha, mama."

Masikio yangu ni ya Iringa. Kwa kitambo kidogo nilisikia kwamba inaelekea kuisha, kwamba kuna kilichobaki, labda timu moja, labda simu moja. Nikamgeukia mama nimtie moyo, na nikaona uso wake. Yeye alikuwa amesikia kama inavyosemwa kwao, ambako anayekufa ameshakufa.

Aliuweka mkoba kwenye kiti, akazunguka kizuizi, akapiga magoti kwenye nyasi zile za plastiki, na akaanza kumfungua viatu, cha kuume kwanza.